Darubini ya lenzi kwa anga la Mtwara: 70 mm, 90 mm au 102 mm?

Mikindani_Usiku

Wakuu, habari za wakati huu. Naomba ushauri wa watu wanaovijua vyombo hivi kwa undani.

Nataka darubini moja ya lenzi kwa ajili ya kuangalia kwa jicho tu, kupiga picha haimo. Fedha iliyopo inatosha yoyote kati ya hizi tatu. Kuna 70/700 yenye stendi nyepesi ya aluminiamu ya kugeuza juu-chini na kushoto-kulia. Kuna 90/900 yenye stendi ya ikweta na chuma cha mzani. Na kuna 102/660 yenye stendi ya juu-chini na kushoto-kulia, miguu ya mabomba ya chuma. Namba ya kwanza ni kipenyo cha lenzi kwa mm, ya pili ni umbali wa fokasi, yaani kutoka lenzi hadi pale mwanga unapokutana.

Itatumika zaidi uani hapa Mtwara mjini, taa za barabarani zipo lakini nyumba inazikinga upande mmoja. Mara mojamoja itakwenda Msimbati au Newala, kwa basi au bajaji. Ninaotaka kuwaonyesha ni vijana wa nyumbani: Mwezi, pete za Zohali, mikanda na miezi ya Mshtarii, halafu vitu vya kusini kama fungunyota la Omega Centauri, nebula (wingu la gesi) ya Carina, mafungunyota ya Nge na Mawingu ya Magellan, zile galaksi ndogo jirani.

Maswali yangu: tofauti ya mm 12 kati ya 90 na 102 inaonekana kwa jicho kweli? Ile rangi ya zambarau ya darubini fupi inaharibu kiasi gani? Stendi ya ikweta inafaa huku kwetu? Na boksi la 70 limeandikwa kwamba inakuza mara 525, hilo lina ukweli?

---

FundiLenzi_Lindi

Mkuu, nianze na hilo la mwisho kwa kuwa ni fupi. Chukua 700, gawanya kwa lenzi ya jicho (ile ndogo unayotazamia) ya mm 4, unapata 175. Zidisha kwa ile Barlow (lenzi ya kuongeza ukuzaji) ya mara 3 iliyomo boksini, unapata 525. Hesabu ni sahihi, ila jicho halipati chochote. Lenzi ya mm 70 ikipita mara 140 hivi, yaani mara mbili ya kipenyo chake kwa mm, haikuonyeshi jambo jipya: picha inavimba, inafifia na inatetemeka. Kwa 90 kikomo ni 180, kwa 102 ni kama 200, na usiku mwingi wa pwani hewa yenyewe haikuruhusu kufika huko. Lenzi ya mm 4 na Barlow ya plastiki ziweke pembeni. Kazi itafanywa na ile ya mm 20 au 25, na kwa kiasi ile ya mm 10.

Sasa la kwanza, ambalo ndilo zito. Mwanga unaokusanywa hufuata mraba wa kipenyo. Kutoka 70 kwenda 90 unapata mwanga mara 1.65. Kutoka 90 kwenda 102 ni mara 1.28 tu. Kutoka 70 kwenda 102 ni mara 2.1. Ukizigeuza kuwa mag (kipimo cha mng'ao wa nyota, namba ikiwa kubwa nyota ni hafifu zaidi), ni 0.55, 0.27 na 0.82. Ukiweka 90 na 102 ubavuni kwa ubavuni na kuangalia Mwezi, hutaona tofauti ya kukufanya utoe fedha. Kwenye Omega Centauri ndipo mambo yanabadilika, na sababu yake inahesabika. Chukua anga ambalo jicho tupu linafika nyota za mag 6 na mboni iliyofunguka mm 7: darubini ya 70 inafika mag 11.0, ya 90 inafika 11.5, ya 102 inafika 11.8. Nyota angavu kuliko zote za Omega Centauri zinaanzia karibu na mag 11.5. Kwa hiyo kwenye 70 unaona wingu kubwa la duara lenye ukungu laini, zuri lakini ni wingu. Kwenye 90 kingo zinaanza kuwa na chembechembe, na ukitazama kwa pembeni ya jicho nyota chache zinajitokeza na kupotea. Kwenye 102, ukikuza mara 80 hadi 110 katika giza la Msimbati, zile chembe zinakuwa nyota. Fungunyota la 47 Tucanae lina tabia hiyohiyo, ila kitovu chake kimebanana zaidi na hakifunguki.

Mafungunyota ya M6 na M7 kwenye mkia wa Nge hayadai nguvu hiyo. Nyota zake ni angavu, hata 70 inazimaliza vizuri. Kwa hizo, kinachohesabika ni upana wa uwanja. Ukitumia lenzi ya jicho ya mm 32 aina ya Plössl kwenye mdomo wa inchi 1.25, darubini ya 102/660 inakupa uwanja wa nyuzi 2.3 kwa kukuza mara 21, 70/700 nyuzi 2.2 kwa mara 22, na 90/900 nyuzi 1.7 kwa mara 28. M7 ina upana wa nyuzi 1.3, inaingia kote. Nebula ya Carina na Kilimia ni kama nyuzi 2, kwa hiyo kwenye 90/900 zinakatika. Unaona kwamba 70 na 102 zina uwanja karibu sawa, lakini mwanga unaotoka kwenye lenzi ya jicho una kipenyo cha mm 3.2 kwenye 70/700 na mm 4.9 kwenye 102/660. Kwa nebula maana yake ni kwamba uso wa Carina kwenye 70 una chini ya nusu ya mng'ao unaouona kwenye 102. Ile mifereji myeusi inayoigawa nebula inahitaji mng'ao huo.

Stendi ya ikweta ndiyo ninayotaka uifikirie kwa makini, kwa sababu maelezo mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu wa nyuzi 40 au 50 kaskazini. Mhimili wake mmoja lazima uelekee ncha ya anga, pale ambapo nyota zote huonekana kuzunguka. Mtwara iko nyuzi 10 na robo kusini, kwa hiyo ncha ya kusini iko nyuzi 10 tu juu ya upeo na mhimili unalala karibu sambamba na ardhi. Kwenye stendi nyingi nyepesi skrubu ya latitudo inagota kabla haijafika hapo. Ikifika, chuma cha mzani kinaweza kugonga mguu wa stendi. Tena uzito wote unaegemea upande wa kusini. Usipoelekeza mguu mmoja kusini kabisa, chombo kinaweza kuanguka. Na nyota ya kulengea ncha hiyo, Sigma Octantis, ina mag 5.4. Katika ukungu wa bahari, kwa urefu wa nyuzi 10, jicho haliipati.

Ukiniuliza nichague kati ya vifurushi vitatu kama ulivyovitaja, ni 102/660.

---

Jicho_Newala

Hesabu za Fundi ziko sawa. Mwisho wake siukubali kwa mtu ambaye darubini yake itakaa mjini siku nyingi kuliko Msimbati.

Mkuu Mikindani, kuna kipimo rahisi cha zambarau kwa lenzi za kawaida za vioo viwili, akromati. Tafuta uwiano wa f (umbali wa fokasi gawanya kwa kipenyo), kisha ugawanye kwa kipenyo kwa inchi. Jibu likiwa 5 rangi haionekani. Likiwa 3 ipo kidogo na haisumbui. Likishuka chini ya 2 utaiona kila unapoelekeza kwenye kitu angavu. 70/700 inapata 3.6. 90/900 inapata 2.8. 102/660 inapata 1.6.

Na tatizo la zambarau halikomei kwenye ukingo wa rangi kuzunguka Zuhura au Mwezi. Mwanga wa buluu na zambarau ambao haukufika kwenye fokasi moja na kijani na njano unatandaa juu ya picha nzima kama vumbi jepesi. Mikanda ya Mshtarii ni tofauti ndogo za rangi ya kahawia na krimu. Ukitandaza mwanga juu yake, mikanda midogo inapotea na inabaki miwili mikubwa. 90/900 kwa mara 120 hadi 150 inakupa ukingo mkali zaidi wa sayari kuliko 102/660 kwa ukuzaji uleule, ingawa ina kipenyo kidogo.

Sisi wa huku kusini tuna bahati kwenye sayari. Njia yao inapita karibu na utosi wetu. Sayari inapovuka katikati ya anga, Mtwara mara chache sana inakuwa chini ya nyuzi 55. London, sayari ikiwa upande wa Nge na Mshale, inapanda nyuzi 15 tu, inatazamwa kupitia hewa nene inayochemka. Kuwa na anga la namna hii halafu ukachagua darubini inayofifisha sayari naona ni hasara.

Kuhusu Zohali, mwaka 2025 pete zilikaa ubavu kwetu zikawa mstari mwembamba, na sasa zinafunguka kidogo kila mwaka kuelekea upana wake mkubwa mwanzoni mwa miaka ya 2030. Pete zenyewe utaziona kwa 70 ukikuza mara 40. Ule mwanya mweusi wa Cassini unaozigawa pete unahitaji pete ziwe zimefunguka vya kutosha, hewa itulie na ukingo uwe mkali. 90/900 inauonyesha. Titan, mwezi mkubwa wa Zohali, una mag 8.4 hivi na unaonekana kwa zote tatu.

Mjini, ile faida ya mwanga mpana wa mm 4.9 inageuka: anga lenyewe ni la kijivu, na kwa kukuza kidogo mwanga wa kijivu hicho unaongezeka pamoja na wa nebula. Sayari, Mwezi na nyota pacha haziathiriwi na taa. Acrux, nyota ya chini ya Salibu (Msalaba wa Kusini), ni mbili zilizoachana sekunde 4 za tao (sekunde moja ni sehemu ya 3600 ya nyuzi moja). Alfa Centauri zilikaribiana hadi sekunde 4 mwaka 2016, na sasa zinaachana mwaka hadi mwaka. Kikomo cha kutenganisha ni 116 gawanya kwa kipenyo: sekunde 1.7 kwa 70, 1.3 kwa 90, 1.1 kwa 102. Zote zinaziweza, ila kwa 90/900 unaona nukta mbili safi zenye duara jembamba, si nukta mbili ndani ya wingu la zambarau.

Kuhusu stendi ya ikweta nakubaliana na Fundi kabisa. Nunua bomba la 90/900 na kichwa imara cha juu-chini, kushoto-kulia. Muuzaji akikataa kuvitenganisha, hiyo stendi ya ikweta unaweza kuiinua hadi mhimili uelekee juu wima, latitudo 90, ikatumika kama ya kawaida. Baadhi zinakubali kufika huko, nyingine hazikubali, kwa hiyo jaribu dukani.

---

FundiLenzi_Lindi

Jicho, hoja ya sayari naiheshimu, na ni kweli kwamba 102/660 ikifunguliwa yote inatia zambarau. Lakini hilo lina dawa, ilhali 90 huwezi kuigeuza iwe 102. Kata kadibodi ngumu nyeusi, duara la kukaa mbele ya lenzi, toboa katikati tundu la mm 70. Papo hapo una 70/660, yaani f/9.4, na kipimo chako kinapanda kutoka 1.6 hadi 3.4. Mwezi na Mshtarii vinasafika. Ukifika Msimbati unaitoa, una mm 102 zako zote. Vifuniko vingi vya mbele huja na kidirisha kidogo cha duara katikati kinachofunguka. Kile kwa kawaida ni kidogo mno, kinabana picha, kadibodi ni bora. Tundu liwe katikati sawasawa na kingo zisiwe na nyuzinyuzi za karatasi.

Kichujio cha njano hafifu, namba 8, nacho kinapunguza zambarau bila kula mwanga mwingi. Mshtarii anakuwa na unjano, jicho linazoea.

Pia bomba la 90/900 likiwa na diagonali (kipande cha pembe kinachoshika lenzi ya jicho) na lenzi ya jicho linapita mita moja. Zohali akiwa karibu na utosi, nyuma ya bomba inagonga mguu wa stendi, na jicho linashuka hadi usawa wa goti. Huku kwetu sayari ziko huko juu karibu kila mara, kwa hiyo hili halitakuwa tatizo la mara mojamoja.

---

Jicho_Newala

Kugonga mguu kunatibika. Kuna nguzo fupi ya kuongeza kati ya miguu na kichwa, sentimita 20 hadi 30 zinatosha. Vichwa vinavyobeba bomba ubavuni badala ya juu havigongi kabisa. Na ukiwa na darubini ndefu usingoje Zohali afike utosini. Mkamate akiwa nyuzi 60 au 65, hewa ni karibu ileile.

Kadibodi ya mm 70 inasafisha rangi, sawa, ila kwenye Mshtarii umebaki na uwezo wa kutenganisha wa mm 70. Hapo 90/900 bado iko mbele.

---

Mikindani_Usiku

Nashukuru sana wakuu, mjadala huu umenifungua. Nimeelewa kwamba stendi ya ikweta naiacha. Nina mawili ya kuongeza. Muuzaji mmoja wa Dar anasema niongeze kidogo nichukue 120/600, na mwingine ana 102/1000. Zina maana kwangu? Na mzigo ukija kwa basi kutoka Dar nikague nini kabla ya kuupokea? Lenzi za jicho za boksi nimeshaelewa ni dhaifu, basi nianze na zipi?

---

Fizikia_Masasi

Ndugu Mikindani, 120/600 ina kipimo cha zambarau cha 1.06, chini kuliko zote zilizotajwa. Ni darubini ya kutembea kwenye Njia ya Maziwa kwa mara 20 hadi 60, na kwa hilo ni nzuri sana. Inaongeza mag 0.35 tu juu ya 102. Kwa mtu anayetaka Zohali na Mshtarii kwa chombo kimoja, hapana. 102/1000 ina rangi ndogo zaidi (2.4) na sayari zake ni nzuri kuliko 102/660, lakini bomba linazidi mita, lina uzito wa kilo 4 hivi, na urefu huo unaitikisa stendi yoyote nyepesi. Bajaji itaibeba, basi la Newala lenye abiria na magunia ya korosho ni shida.

Ukiniuliza mimi, swali la 90 au 102 linafuata baada ya swali la stendi. Fanya hivi dukani: weka darubini kwenye stendi, miguu ikiwa fupi, kuza mara 60 au 70 ukilenga antena ya mbali, kisha gonga bomba kwa kidole. Mtikisiko ukitulia ndani ya sekunde 2 au 3, chukua. Ukiendelea kwa sekunde 5 na zaidi, hiyo stendi itakuharibia kila usiku wa kusi, na kusi ndiyo inayovuma miezi ileile ambayo anga letu liko wazi. Stendi ya 70/700 uliyoitaja karibu kila mara inashindwa jaribio hili. Kwa hiyo 70 naitoa, na sababu si lenzi yake, ambayo ni safi. Ukiwa nayo tayari, ning'iniza mfuko wa mchanga wa kilo 3 hadi 5 katikati ya miguu na usiirefushe. Keti kwenye kiti.

Kwa matumizi uliyoeleza, pamoja na vijana wanaopokezana kwenye lenzi ya jicho, naunga mkono 102/660. Uwanja mpana unasaidia: kitu hakitoroki kila mtu anapobadilishana nafasi. Kwa mtu mmoja anayekaa mjini na kupenda sayari tu, Jicho ana haki.

Lenzi za jicho za 102/660: anza na Plössl ya mm 32, Plössl ya mm 12 na Barlow nzuri ya mara 2. Vitatu hivyo vinakupa mara 21, 41, 55 na 110. Baadaye ongeza mm 8, upate 82 na 165. Epuka Plössl ya mm 6 au 4: tundu lake ni dogo na jicho linagusa kioo, mtoto hawezi, mvaa miwani ndiyo kabisa. Kagua pia kile kipande cha pembe kinachoshika lenzi ya jicho. Boksi nyingi zina cha nyuzi 45 cha kutazamia ndege na minara. Kinachora mstari wa mwanga juu ya nyota angavu, na kwa vitu vya utosini kinakuvunja shingo. Badilisha, weka diagonali ya kioo ya nyuzi 90.

Mzigo ukifika, fungua mbele ya karani wa basi. Lenzi kubwa ikaguliwe kwa tochi kutoka mbele kwa mshazari: vumbi na vitone vidogo vya hewa ndani ya kioo si kitu, nyufa na vipande vilivyomeguka ukingoni ni sababu ya kurudisha. Zungusha kitasa cha fokasi mwanzo hadi mwisho. Kisiteleze wala kukwama. Usiku lenga nyota ya mag 2 iliyo juu, kuza mara 100, toa fokasi kidogo ndani kisha nje. Utaona viduara vilivyopangana. Viwe na kitovu kimoja. Vikisogea upande mmoja, kwanza zungusha diagonali: kasoro ikizunguka nayo, mbovu ni diagonali. Isipozunguka, lenzi imekaa mshazari au bomba la fokasi linalegea. Viduara vikiwa na pembe tatu, pete inayoshika lenzi imekazwa mno. Ilegeze robo ya mzunguko, si zaidi. Usitoe vioo viwili kwenye kiota chake. Vina mpangilio na nafasi maalumu kati yao, na ukigeuza kimoja darubini imekwisha.

Na kama boksi lina kichujio cha jua cha kuskrubu kwenye lenzi ya jicho, kitupe siku hiyohiyo. Kinakaa mahali joto linapokusanyika, kinapasuka ghafla na jicho linapofuka. Kichujio cha jua kinakaa mbele ya lenzi kubwa, kimefungwa, au jua halitazamwi.

---

Bi_Suheli

Hakuna aliyegusa unyevu, na kwa Mtwara na Lindi unyevu ndio unaoua lenzi. Kwa saizi zote tatu kanuni ni moja.

Umande kwanza. Kuanzia saa tatu usiku lenzi ya mbele inapoteza joto kwenda angani na maji yanatua juu yake. Nyota zinavimba na kufifia taratibu, mtu anadhani mawingu yameingia. Usifute. Kitambaa kinasaga chumvi ya bahari juu ya kioo. Zuia mapema kwa kurefusha kinga ya mbele: sponji nyeusi ya mkeka wa mazoezi, ikunje iwe bomba linalojitokeza mbele ya lenzi sentimita 15 hadi 20. Kwa 102 kata upana wa sentimita 42 hivi, ili izunguke kinga iliyopo na kubaki nafasi ya kuunganishia. Pima yako kwa uzi kwanza. Umande ukishatua, elekeza bomba chini, geuzia mbali na upepo, subiri.

Msimbati weka vipande vya ubao, sentimita 15 kwa 15, chini ya miguu, vinginevyo inazama mchangani kidogokidogo na kitu kinatoroka kwenye uwanja. Usikae kwenye mstari wa mawimbi. Rudi nyuma ya minazi ambako marasharasha ya maji ya chumvi hayafiki. Taa za mitambo ya gesi ya Madimba ziwe mgongoni.

Majira nayo yaangalieni. Salibu na Carina ziko juu saa tatu usiku mwezi Mei, Omega Centauri mwanzoni mwa Juni, Nge mwezi Julai na mkia wake Agosti, 47 Tucanae mwanzoni mwa Novemba kabla mvua hazijashika. Wingu Kubwa la Magellan linakuwa juu jioni Januari na Februari, wakati wa mvua, kwa hiyo litafute alfajiri ya Septemba na Oktoba. Halipandi zaidi ya nyuzi 31, na miezi hiyo kuna moshi wa kuchoma mashamba ukingoni mwa anga. Newala, pale ukingo wa uwanda unapotazama bonde la Ruvuma, upeo wa kusini uko wazi kuliko pwani.

Kuhifadhi: ukirudi usifunge darubini kwenye begi ikiwa na unyevu. Iache ndani ya nyumba bila kifuniko, mdomo umeelekea chini, hadi asubuhi. Kisha iweke kwenye ndoo au sanduku la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na gramu 200 hadi 300 za silika jeli ile inayobadilika rangi. Ikigeuka rangi, ikaushe kwenye kikaango juu ya moto mdogo sana huku ukikoroga, hadi irudi. Mchele haufai, na begi la sponji lililokuja na darubini nalo halifai kwa kuhifadhia. Sponji hunyonya maji, na ukungu wa nyuzi unaanza kuota ukingoni mwa kioo. Ukishaota ndani kati ya vioo viwili, hautoki bila kufungua kiota. Lenzi za jicho zihifadhiwe humohumo, maana hukaa karibu na pumzi na jasho la watazamaji na ndizo zinazoanza kuota.

Kusafisha ni mara mbili kwa mwaka, si zaidi. Puliza kwa puto la mpira, si kwa mdomo. Chumvi iliyoganda iloweshe kwa pamba yenye maji yaliyotoneshwa (distilled), kisha pamba nyingine yenye alkoholi safi ya isopropili, ukipitisha mara moja kutoka katikati kwenda ukingoni. Kila mpito pamba mpya.